Gari la Wazi Kutoka Kamachumu

Jumatatu, 11 Machi 2024

Mvua. Tena. Paa la sebule limepata tundu jipya, juu kabisa ya kiti changu. Edvina amesogeza ndoo. Kiti hakukisogeza. Nimeelewa ujumbe.

Mke wangu ni muuguzi, na nyumba anaiendesha kama wodi. Leo ameniita mezani na kunikabidhi fedha za mabati. Zote. Yeye ana zamu wiki nzima, na mimi, kwa maneno yake, nashinda nyumbani. Sishindi nyumbani! Niliacha kufundisha Jiografia kwa hiari yangu ili niingie kwenye biashara. Ni kweli sungura walikufa. Ni kweli vanila ilikataa kuchanua. Lakini mtu anayepanga makubwa lazima akae mahali akiyapanga.

Amesema mabati na misumari, basi. Nisipitie kokote. Nimeapa.

Jioni imekuja taarifa ya msiba Kamachumu. Ndugu wa mbali upande wa mama. Nitakwenda. Mabati hayaozi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeliona.

Baada ya mazishi nilitafuta mahali pa kujisaidia. Nikapita katikati ya migomba, nikatokea kwenye banda la zamani la kahawa. Ndani, chini ya majani makavu ya migomba na kuku wasiohesabika, kulikuwa na kitu chekundu. Nikafuta kwa kiganja. Bodi! Nikafuta zaidi. Taa mbili za mviringo, zimenikodolea macho kama mtoto aliyeamshwa. Gari la michezo! La zamani, fupi, boneti refu kuliko sehemu nyingine yote. Halina paa. Lilikuwa na turubai la kukunja, panya wamelimaliza.

Mwenye mji ni Ma Kokugonza, mjane. Marehemu mumewe alikuwa mnunuzi wa kahawa, akalichukua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa anaondoka kwa haraka. Nikauliza mara ya mwisho lilitembea lini. Akasema mwanawe wa mwisho alikuwa hajaota meno. Mwanawe wa mwisho alikuwa amesimama pale pale, ana upara.

Nikaona mambo yote kwa mara moja, kama ramani iliyokunjuliwa. Kwaresima inakwisha. Baada ya Pasaka harusi zitafurika Bukoba. Na bibi harusi anapelekwaje kanisani? Ndani ya gari jeupe la kukodisha la Nathanieli, jirani yangu wa mtaa wa Bakoba, vioo vimefungwa, mtu unaona pua tu. Gauni la kukodi kwa gharama zote zile, nani analiona? Lakini kwenye gari la wazi! Mji mzima utamwona! Nathanieli atabaki kubeba wagonjwa.

Na nani akatokea kwenye migomba wakati huo huo, ameshika sahani ya ebitoke, ndizi za kupika? Nathanieli! Akanisalimu kwa upole wa kutilia shaka. Akauliza natafuta nini bandani. Nikasema choo. Akanionyesha choo.

Anajua. Na yeye analitaka.

Jumamosi, 16 Machi

Nimerudi Kamachumu na sukari, sabuni na suti yangu ya kijivu. Mjane lazima aone mnunuzi makini.

Nathanieli alikuwa amefika. Amevaa gambuti, anapalilia migomba kwenye kibanja cha Ma Kokugonza! Kujipendekeza kwa namna ile mimi sijawahi kuona. Mtu mzima!

Nikavua koti, nikaomba jembe. Yeye akashika mstari wa kushoto, mimi wa kulia. Akiongeza mwendo, naongeza. Ma Kokugonza alikaa kwenye mkeka akitafuna kahawa, akishukuru kwa Kihaya, wakola, wakola muno, na kusema kwamba kule chini karibu na mto bado hakujafikiwa. Tukaenda karibu na mto. Suruali ya suti imechanika mahali pasipotajika. Mikono yote malengelenge.

Wakati wa kunywa maji nikagusia gari. Ma Kokugonza akasema kuuza anaweza, ila kuna kuku ameatamia kwenye kiti cha dereva, na hakuna atakayegusa gari mpaka vifaranga watoke. Nathanieli akasema kuku anaweza kuhamishiwa kwenye kikapu. Ma Kokugonza akamwangalia mpaka akarudi kwenye jembe. Mimi nikasema uhai ni uhai, Mae waitu, mama yetu, hata wa kuku. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Bao moja kwangu.

Jumanne, 19 Machi

Akili imefanya kazi. Nimemsubiri Nathanieli nje ya duka la nafaka, nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa masikitiko kwamba lile gari lina mkosi. Kwamba kila aliyelimiliki alipata balaa. Kwamba Mwingereza mwenyewe alilikimbia. Nikatoa na sauti ya chini mahali panapostahili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kumbe, hakujua. Akasema kama ni hivyo, heri liondoke pale kwa Ma Kokugonza upesi, na atakayeliondoa atakuwa amefanya wema.

Amejitoa! Hofu imempiga! Karibu nimwonee huruma.

Edvina ameuliza habari za mabati. Nimesema geji nzuri imeisha mjini, nimeagiza Mwanza, yanakuja na meli. Akauliza meli gani. Nikasema ile kubwa. Akaniangalia juu ya miwani kwa muda mrefu, kisha akahamisha ndoo.

Jumatano, 27 Machi

Vifaranga wametoka! Ma Kokugonza alipiga simu mwenyewe.

Nilikuwa na mbinu ya kupatana bei. Usimwonyeshe muuzaji mfuko, mwonyeshe hadhi. Lakini nilipokaa pale, nikaliona boneti likiwaka kwenye jua, mbinu ikabadilika yenyewe. Nikaweka fedha zote mezani ili apigwe na butwaa. Hakupigwa na butwaa. Alizichukua, akazifunga kwenye kitenge, akanirudishia nauli. Akaniongezea na mkungu wa ndizi, maana ni desturi mgeni asitoke mikono mitupu.

Hesabu yangu ni rahisi. Harusi chache tu, mabati yanarudi. Edvina hatajua chochote mpaka siku nitakapomwambia kwa tabasamu, chini ya paa jipya.

Nimemchukua Lukmani, fundi wa pale Bakoba. Yeye hutengeneza pikipiki. Nikamuuliza kama ataweza gari la Kiingereza la miaka ile. Akasema injini ni injini. Napenda mtu anayejiamini. Ameahidi Pasaka litanguruma.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Limenguruma!

Lukmani alitoa kiota cha panya kwenye ekzosi, akasafisha kabureta kwa mswaki, akafunga betri aliyosema ni ya kwake mwenyewe na nisiulize zaidi. Tukasukuma. Likakohoa. Likatoa wingu jeusi lililofunika banda zima, kuku wakahamia kwa jirani, halafu likakaa sawa na kuimba. Watu wa Kamachumu walitoka kwenye migomba kama wameitiwa mkutano. Ma Kokugonza alipiga vigelegele. Nathanieli naye alikuwepo, sijui kwa nini, na alisukuma kuliko wote. Mshindani mwenye heshima.

Mimi usukanini, miwani ya jua, Lukmani pembeni. Tukaondoka.

Kutoka Kamachumu kwenda chini ni mteremko, kama kila mtu ajuavyo. Nilipokanyaga breki, mguu ulikwenda mpaka chini na gari halikupata habari. Nikamwambia Lukmani. Akasema breki zipo, ila zinahitaji kuombwa mapema. Tukaziomba kuanzia juu ya mlima. Tulishuka kwa gia ya kwanza, injini ikilia kama ng'ombe anayechinjwa, nyuma ya Fuso lililojaa ndizi. Dereva wa Fuso akasimama ghafla. Mimi sikusimama ghafla. Tuligusana kidogo tu, lakini mkungu mmoja ulidondoka moja kwa moja kwenye mapaja ya Lukmani. Hakuumia. Alisema hiyo ndiyo faida ya gari la wazi.

Muhutwe tulisimama kupoza maji. Anayeuza parachichi pale ni Celina, niliyemfundisha kidato cha pili. Akalizunguka gari, akalipapasa, akaniuliza paa liko wapi. Nikasema halina, ndiyo uzuri wake. Akatazama juu, akanitazama mimi.

"Mwalimu, si wewe uliyetuchorea grafu ya mvua ya Bukoba ubaoni? Ukasema kama kuna mwezi tutausahau kwenye mtihani, tusisahau wa nne?"

Nikamwambia ile ilikuwa nadharia.

Mvua ilitukuta Kemondo. Haikunyesha, ilimwagwa. Lukmani alifungua mwavuli, upepo ukaugeuza ukawa kikombe, ukaanza kukusanya maji badala ya kuyazuia. Viatu vyangu vilielea. Lukmani alitoboa tundu sakafuni kwa bisibisi, maji yakatoka, kisha tukapita kwenye dimbwi, yakarudi kwa njia ile ile.

Tumelificha nyuma ya gereji yake, chini ya turubai. Nimefika nyumbani nimelowa mpaka moyo. Nimemwambia Edvina nilikuwa bandarini kuulizia meli. Akasema leo ni sikukuu. Nikasema ndiyo maana sikumkuta mtu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mteja wa kwanza! Anaitwa Annastella, anauza kwenye duka la dawa. Aliona picha niliyoiweka kwenye simu, akaja na mchumba wake Gozbert gereji. Lukmani alikuwa amelipaka rangi upya, jekundu kali, na sehemu alipoishiwa ameweka rangi ya pikipiki. Kwa mbali huoni.

Annastella aliketi, akashika kioo cha mbele kwa mikono miwili, akafumba macho. Akasema hapo ndipo anataka kukaa siku yake, watu wote wamwone, hasa watu fulani. Sikuuliza watu gani. Kila bibi harusi ana watu fulani.

Gozbert akauliza yeye atakaa wapi.

Swali zuri. Sikuwa nimelifikiria. Gari lina viti viwili. Dereva, bibi harusi, basi. Nikasema bwana harusi ndiye ataendesha, ndivyo wanavyofanya matajiri. Gozbert hajui kuendesha hata baiskeli. Lukmani akaokoa jahazi: wakati wa kutoka kanisani Gozbert atakaa juu, nyuma, pale turubai lilipokuwa linakunjiwa, miguu nyuma ya viti, akipungia watu mkono kama rais kwenye sikukuu ya kitaifa. Gozbert alijaribu. Akapungia ukuta wa gereji. Uso ukamng'aa. Tumeelewana!

Harusi ni Jumamosi ijayo.

Chakula cha usiku Edvina alisema kwaya yao inaimba kwenye harusi Jumamosi ijayo. Nikasema vizuri. Msimu huu harusi ni nyingi, mji mkubwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nikiwa jikoni. Sebuleni hakuna nafasi, ndoo zimejaa.

Asubuhi ilikuwa kavu! Lazima liandikwe hili. Jua kabisa. Nilivaa shati jeupe na tai nyekundu, nikapamba boneti kwa maua ya plastiki, nikamchukua Annastella kwao. Alipotoka na lile gauni, mama yake alilia, shangazi zake walilia, mimi mwenyewe nilijifuta macho kwa tai. Mkia wa gauni ulijaza gari mpaka nikawa naona barabara kupitia shela. Matarumbeta walikuwa mbele kwenye pikapu. Watu walitoka madukani. Walipunga! Walipiga mbinja! Annastella alinyoosha shingo kama twiga, na tulipopita nyumba moja ya ghorofa akaniamuru nipunguze mwendo. Nadhani ndiyo watu fulani. Pale nilikuwa na furaha ambayo sungura hawajawahi kunipa.

Tulipofika karibu na soko, ziwa likabadilika rangi.

Nilijua. Nimefundisha lile wingu kwa miaka. Linaanzia ziwani, linapanda, linakuja na ukuta wake. Nikaongeza mwendo. Gari nalo, kwa hiari yake, likapunguza. Tone la kwanza lilianguka kwenye pua ya Annastella. Halafu yote mengine.

Injini ilizimika mbele ya wauza samaki. Nilifungua boneti, mvuke ukanivua miwani. Annastella alikaa wima, shela limemganda usoni, poda inashuka, akisema kwa sauti ndogo sana, "Mwalimu, fanya kitu." Mwavuli sikuwa nao. Nilimpa ua la plastiki. Sijui kwa nini.

Waliotuokoa ni matarumbeta. Walishuka kwenye pikapu, wakaweka mabega, wakasukuma. Mpiga tuba alikataa kuiweka chini, akasukuma kwa mkono mmoja na kupuliza kwa pumzi iliyobaki, na kila tulipopita shimo tuba ilitoa mlio ambao si wa harusi. Wauza samaki nao wakajiunga. Hivyo ndivyo tulivyoingia uwanja wa kanisa: gari jekundu likitoa rangi, maana rangi ya Lukmani ilianza kuyeyuka na kushuka kwenye mkia wa gauni, wanaume kumi na kitu wananukia sangara, na mimi usukanini nikijifanya naendesha.

Kwaya ilikuwa imesimama barazani. Mstari wa mbele, sauti ya pili, Edvina.

Wimbo haukukatika. Hilo nitalisema kwa sifa ya mke wangu. Aliniangalia, akaliangalia gari, nikaona macho yake yakifanya hesabu, bati moja baada ya jingine, na mdomo ukiendelea kuimba.

Annastella alishuka mwenyewe. Alikung'uta shela, akatazama gauni lenye mstari mwekundu mpaka kiunoni, na nikasubiri alie. Badala yake akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu kwamba kama ndoa imeanza hivi, iliyobaki ni mteremko. Gozbert alikuja mbio na koti lake. Watu wakapiga makofi.

Kutoka kanisani walipanda gari jeupe la Nathanieli. Lilikuwa tayari, limekauka, vioo vimefungwa. Gozbert aliligeukia gari langu kwa huzuni. Alikuwa amefanya mazoezi ya kupunga.

Jumapili, 14 Aprili

Edvina hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Baada ya misa alikaa kwenye kiti changu, chini ya tundu, hakuvuta hata ndoo, akaniambia, "Sema, Mwalimu." Ananiita Mwalimu akiwa amekasirika tu. Nikasema yote. Msiba, banda, kuku, mteremko. Nikasema na jinsi nilivyomtoa Nathanieli kwenye kinyang'anyiro kwa akili.

Hapo akainua mkono.

"Kinyang'anyiro kipi? Ma Kokugonza ni shangazi yake Nathanieli. Dada wa baba yake, toka nitoke. Kila Jumamosi anampalilia. Lile gari amemsihi alitupe tangu mumewe afariki, nyoka walikuwa wanalala humo."

Nikasema haiwezekani, angeniambia.

"Alidhani unajua. Kila mtu anajua. Alikuja hapa kunishukuru kwamba mume wangu ni mtu mwema, amemsaidia shangazi yake kulima bure. Sikuelewa anasema nini. Leo nimeelewa."

Maji yalikuwa yanamdondokea begani. Nikasogea nikaweka mkono wangu chini ya tone. Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa akilini tangu asubuhi. Kwamba haumii kwa sababu ya gari. Anaumia kwa sababu kwa mwezi mzima nilitoka nikarudi na siri, nilimpandisha gari mtu mwingine, nilipunga mjini mchana kweupe, na sikufikiri hata mara moja kwamba labda na yeye angependa kupanda.

Nikavuta ndoo, nikaiweka pale mkono wangu ulipokuwa.

Jumapili, 21 Aprili

Leo hakuna mvua. Hata wingu. Edvina alitoka chumbani amevaa gauni lake la njano na kitambaa kichwani, akasema twende.

Lukmani alikuwa ametengeneza breki, safari hii kweli, baada ya Edvina kwenda gereji na kusimama nyuma yake mpaka mwisho. Tulipita barabara ya kando ya ziwa. Maji yalikuwa bluu kama kwenye atlasi. Mwanzoni alikaa kama mtu anayesubiri sindano. Tulipofika palipo wazi akasema niongeze. Nikaongeza. Kitambaa kikaruka, kikaenda zake, nikataka kusimama, akasema kiache. Nywele zake zimeanza mvi, sikuwa nimeziona mchana siku nyingi. Akanyoosha mikono yote miwili juu, akapiga ukelele, akacheka kile kicheko cha zamani, kile cha chuo cha uuguzi Ndolage, nilipokuwa nampelekea barua na baiskeli ya kuazima.

Tulikula samaki wa kukaanga tukiwa tumekaa juu ya boneti. Hakusema neno kuhusu mabati.

Amenielewa! Nilijua atanielewa. Sasa tupo wawili kwenye biashara hii. Nimeanza kufikiria turubai jipya na wateja wa Muleba.

Jumatatu, 22 Aprili

Edvina ameliuza.

Nilikuwa naoga. Alikuja Muhidini, mwenye mgahawa kule ufukweni, ambaye Edvina aliwahi kumchoma sindano na anamwogopa mpaka leo. Anataka kuliweka kwenye bustani yake, kwenye nyasi, watu wakae ndani wapigwe picha. Halihitaji injini. Halihitaji breki. Mimi ningeanza na hadhi. Edvina alianza na bei, akanyamaza. Alinyamaza tu! Muhidini akasema, akapanda, akasema tena, akapanda. Nilipotoka na taulo walikuwa wanashikana mikono.

Fedha za mabati zimerudi, na misumari juu yake. Nilisimama barabarani nikitazama linavyovutwa kwa kamba. Edvina alisimama nami. Alinishika mkono na kusema jana ilikuwa nzuri, Protase. Halafu akaenda dukani mwenyewe, kwa miguu yake, akarudi na mabati kwenye mkokoteni.

Ijumaa, 3 Mei

Paa limekwisha. Mafundi wamepiga msumari wa mwisho, Nathanieli akiwasaidia kushikilia ngazi bila kuombwa. Mvua ya mchana imenyesha juu yake kwa kishindo na ndani hakuna hata tone. Edvina amelala kwenye kochi, kitabu kifuani. Ndoo zimerudishwa jikoni.

Nimekaa nikatafakari kwa uaminifu, kama mtu mzima anavyopaswa. Nimejifunza mengi. Kosa halikuwa wazo. Kosa lilikuwa nchi kavu. Barabara ina mashimo, ina milima, ina masoko. Kwa nini nishindane na barabara wakati tuna ziwa?

Asubuhi nilikutana na bwana mmoja, Mustapha, anatoka kisiwa cha Bumbire. Anauza boti ya watalii, ya aina yake, sakafu yake ni kioo. Mtu anakaa, anatazama chini, anaona samaki wanapita miguuni! Hakuna mwingine mwenye nayo Kagera nzima. Kuna wengine wawili wanaitaka, amenihakikishia, kwa hiyo sikutaka kuchelewa. Nimemwachia baiskeli na saa yangu kama rehani, na Jumanne navuka kwenda kuichukua. Nimemwambia Edvina nakwenda kwenye msiba.

Kioo kina ufa, Mustapha hakunificha. Lakini ni mdogo. Ukisimama juu yake hauonekani kabisa.